Mzimu wa Pili Ulikuwa na Mwendo wa Okonkwo

Baba Mkubwa alipofika kwenye maneno yale alikuwa ameivua kofia yake na kuipakata, na kidole gumba kilikuwa kinasugua mshono wa ndani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Si mimi ninayesema," alisema. "Ni mila inayosema."

Ilikuwa siku ya pili baada ya arobaini ya Baba Mdogo. Turubai lilikuwa limeshashushwa, viti vya kukodi vimesharudi kwa mwenyewe, tumebaki watu saba chini ya mwembe. Mimi nilikaa pale kwa niaba ya marehemu baba yangu. Kilichokuwa kinazungumzwa ni shamba: ekari tatu za mihogo na mahindi, pamoja na nyumba ambayo Baba Mdogo aliiezeka bati mwaka mmoja tu kabla hajaanza kuumwa. Mama Mdogo ana mabinti wawili. Mtoto wa kiume hana. Na mila, kama Baba Mkubwa alivyotueleza, inasema mjane wa namna hiyo hana mahali kwenye ardhi ya ukoo. Amalize mwaka wa kuomboleza, kisha arudi kwao.

Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ameshika mfuniko wa sufuria. Aliulizwa kama ana neno.

"Sawa, shemeji," alisema.

Na mimi nikanyamaza.

Leo ni wiki ya sita. Kila nikiosha vyombo, nikisikia mfuniko umegonga sinki, narudi pale mlangoni mwa jiko. Hasira ninayo, lakini kinachonikosesha usingizi ni lile neno lenyewe. Mila inayosema. Inasema kwa mdomo wa nani?

## Kitabu nilichodhani nakijua

Katika wiki hizo nilirudi kwenye riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, habari za Okonkwo, shujaa wa Umuofia katika nchi ya Waigbo, Nigeria. Nilikisoma kwa Kiingereza nikiwa sekondari, na safari hii nikakichukua kwa tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973, Shujaa Okonkwo. Nakala yenyewe niliazima, imepoteza jalada la nyuma, na aliyeitumia kabla yangu alipigia mistari kwa penseli maneno yote ya wazee. Maneno ya wahusika hapa chini nayasema kwa ulimi wangu, si ya tafsiri.

Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kujibu hivi: mila katika riwaya hii ni nguvu inayowabana wahusika. Kauli ya Agbala, mungu wa kuagua, inatoka mapangoni, kijana Ikemefuna anakufa. Ardhi, ambayo kwao ni mungu wa kike, inakataa mapacha, mapacha wanatupwa msituni. Okonkwo anavunja Wiki ya Amani, wiki ambayo ugomvi ni mwiko, anatozwa faini. Mila juu, mtu chini. Ulikuwa unaandika hivyo, unaweka mifano mitatu, unapata alama zako.

Nilifungua kitabu nikitafuta ukuta ule. Nilitaka kuuona vizuri ili nimwelewe Baba Mkubwa.

Sikuuona. Nilikutana na kitu kingine, na ndicho kilichonifanya niandike.

## Mwendo

Kuna sura ambayo kijiji kizima kimekusanyika uwanjani kusikiliza kesi. Waamuzi ni egwugwu, mizimu ya mababu, tisa kwa idadi, kila mmoja akisimamia kijiji kimoja kati ya vijiji tisa vya Umuofia. Wametoka ardhini, ndivyo wanavyosema. Wamevaa vinyago na majani ya mchikichi, sauti zao si sauti za watu, na mkubwa wao anaitwa Msitu Mwovu, moshi ukimfuka kichwani. Wanawake wanatazama kwa mbali, tayari kukimbia. Hakuna mwanamke aliyewahi kuuliza lolote kuhusu siri ile.

Katikati ya fahari yote hiyo, Achebe anaachia jambo dogo, kama mtu anayedondosha punje. Huenda wake za Okonkwo, anasema, na pengine wanawake wengine pia, waliona kwamba mzimu wa pili ulikuwa na mwendo wa kudundadunda kama wa Okonkwo. Na huenda waliona kwamba Okonkwo mwenyewe hayupo kwenye safu ya wazee waliokaa nyuma ya mizimu. Lakini kama waliyawaza hayo, waliyaweka moyoni.

Niliposoma mistari hiyo nilifunga kitabu, nikaenda kusimama dirishani.

Mke anaujua mwendo wa mume wake. Anausikia usiku kwenye kokoto kabla hodi haijapigwa. Anajua leo amekunywa, leo ana hasira, leo ana habari njema. Huwezi kumvalisha mume wa mtu kinyago ukamficha mke wake. Wanawake wale watatu waliokaa uwanjani walikuwa wanamtazama babu wa ukoo aliyefufuka na kumwona mwanaume waliyempikia asubuhi. Vyote viwili kwa pamoja. Na wakanyamaza.

Nami ile siku, chini ya mwembe, nilikisikia nini kwenye sauti ya Baba Mkubwa?

Nilisikia wanawe watatu wasio na ardhi ya kutosha. Nilisikia mkopo wa msimu uliopita. Nilisikia pia huzuni ya kweli, kwa maana alimpenda mdogo wake, alimbeba mgongoni wakiwa wadogo, na siku ya mazishi alishindwa kutupa udongo kaburini, ikabidi ashikwe mkono. Yote hayo yalikuwa ndani ya sauti moja, na juu yake kimevikwa kinyago kinachoitwa mila. Nilimtambua kwa mwendo.

## "Usiweke mkono wako"

Baada ya hapo nikaanza kusoma kitabu kizima upya kwa swali moja: mila inaposema, nani anatembea ndani yake?

Chukua kifo cha Ikemefuna, kijana wa miaka kumi na mitano aliyeletwa Umuofia kutoka Mbaino kama fidia ya mwanamke aliyeuawa. Miaka mitatu anakaa kwa Okonkwo, anamwita baba, anamfundisha Nwoye, mtoto wa Okonkwo, kutengeneza filimbi za matete. Kisha kauli inatoka: Agbala amesema auawe.

Nilikuwa nakumbuka tu kwamba mila ilimlazimisha Okonkwo. Hapana. Mzee Ogbuefi Ezeudu, mkongwe kuliko wote katika mtaa ule, alikuja nyumbani, akakataa hata kula nao, akamtoa Okonkwo nje na kumwambia kwa maneno machache: mtoto yule anakuita baba, usiweke mkono wako katika kifo chake.

Hakusema kauli ni ya uongo. Hakusema tuipinge. Alimwonyesha mlango tu, na mlango ule ulikuwa ndani ya mila yenyewe. Angeweza kubaki nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Obierika, rafiki yake, alibaki. Walipokuja kubishana baadaye, Obierika alimwambia kwamba kama ni mwanawe ndiye aliyetajwa na kauli, yeye asingebisha, lakini pia asingekuwa yeye wa kumuua. Na akaongeza jambo la kutisha: ulilofanya halitaipendeza Ardhi.

Okonkwo akajitetea kwamba Ardhi haiwezi kumwadhibu kwa kumtii mjumbe wake. Mtoto haunguzwi vidole na kiazi kikuu cha moto anachowekewa kiganjani na mama yake.

Ni jibu zuri sana. Lina hekima ya wazee, lina picha, ukilisikia kikaoni utatikisa kichwa kukubali. Lakini sisi wasomaji tulikuwa naye njiani. Tuliona kijana anakimbia kuelekea kwake akilia, baba wameniua, na tuliambiwa kwa nini panga lilitoka: aliogopa kuonekana dhaifu.

Hofu hiyo haikutoka mapangoni. Ilitoka kwa Unoka, baba yake, mpiga filimbi mwenye madeni, aliyeugua ugonjwa wa kuvimba akapelekwa kufia kwenye msitu unaoitwa vilevile Msitu Mwovu kwa sababu Ardhi haikubali wagonjwa wa namna ile kuzikwa ndani yake. Okonkwo aliishi maisha yake yote akimkimbia Unoka. Mila ilimpa sababu ya kutamka, lakini miguu ilikuwa ya kwake.

Siku mbili hakula. Alikunywa pombe tu. Mtu aliyetii kweli kwa moyo mmoja angekula.

## Hapa ndipo niliposhikwa

Nilifurahi sana kufika hapo. Niliona nimeshapata jibu: mila haina kosa, waovu ni watu wanaojificha nyuma yake. Nilianza hata kuandika ujumbe kwa binamu yangu kumweleza hivyo. Nikaufuta.

Nikakumbuka mapacha.

Kwa mapacha hakuna Ezeudu anayekuja kugonga. Wanazaliwa, wanawekwa kwenye vyungu, wanapelekwa msituni. Nwoye alivisikia vilio vyao siku wanarudi na mavuno ya viazi vikuu, akapita, na kitu fulani ndani yake kikakatika. Wakati ule alikuwa mtoto. Kitu hichohicho kilikatika tena siku Okonkwo aliporudi usiku bila Ikemefuna. Halafu kule Mbanta, kijiji cha mama yake Okonkwo, kuna Nneka, mwanamke aliyebeba mimba nne, zote nne mapacha, zote nne zikatupwa, na alipobeba ya tano akakimbilia kwa Wakristo, na watu wa mumewe wakaona afadhali ameondoka.

Nani alitembea ndani ya kinyago kile? Nimetafuta. Simwoni mtu mwenye wivu, simwoni mwenye tamaa ya shamba, simwoni anayefaidika kwa kifo cha kichanga. Ni imani tupu, na inaua.

Wala si kwamba waliotupa walikuwa na mioyo ya mawe. Obierika yuleyule mwenye busara, aliyebaki nyumbani Ikemefuna alipouawa, alitupa mapacha wa mke wake mwenyewe. Tunaambiwa hilo mahali ambapo hatukulitegemea. Bunduki ya Okonkwo imelipuka kwa bahati mbaya kwenye mazishi ya Ezeudu, kipande cha chuma kimemuua kijana wa marehemu, na sasa lazima aende uhamishoni miaka saba. Alfajiri watu wanakuja kubomoa boma lake na kuchoma nyumba zake, na Obierika yumo miongoni mwao, hana chuki hata chembe. Wakimaliza, anaketi na kuwaza. Kwa nini mtu ateseke hivi kwa kosa ambalo hakulikusudia? Kisha anawakumbuka wale watoto wawili. Walikuwa na kosa gani?

Hapati jibu. Anarudi kwenye msemo wa wazee, kwamba kidole kimoja kikishika mafuta huwapaka na wenzake.

Msemo ule ni uzio. Mawazo yake yalikuwa yameshafika ukingoni, hatua moja tu imebaki, na msemo ukamrudisha ndani. Ninaujua uzio huo. Kila ukoo una wa kwake, na karibu kila mara ni msemo mzuri.

Nikakaa na jambo hili karibu wiki nzima. Kama mila ni kinyago tu, basi Obierika ni mwongo, na mimi najua si mwongo. Kama mila ni ukuta, basi Okonkwo hana hatia kwa Ikemefuna, na mimi najua anayo. Riwaya imekataa kunipa jibu moja, na nadhani ndiyo sababu inadumu tangu ilipochapishwa mwaka 1958. Imani ileile inampa mtu mmoja kisingizio, inampa mwingine mlango, na inamfungia wa tatu ndani kabisa. Unayekuwa kati ya hao watatu inategemea ulikosimama, na mara nyingi inategemea kama wewe ni mama wa mtoto au ni mwenye panga.

## Mzee aliyekumbuka

Kilichonitoa hapo ni ukurasa ambao sikuwahi kuutilia maanani.

Okonkwo amempiga mke wake mdogo, Ojiugo, ndani ya Wiki ya Amani. Kuhani wa Ardhi anamtoza mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri mia moja. Watu wanalizungumza tukio hilo, na Ezeudu anawaambia wenziwe kwamba adhabu siku hizi imekuwa nyepesi. Baba yake alimsimulia kwamba zamani aliyevunja amani alikuwa anaburutwa chini kijiji kizima mpaka anakufa. Lakini desturi ile ikaachwa, kwa kuwa ilikuwa inaiharibu amani ileile iliyowekwa kuilinda.

Ikaachwa. Hakuna mmisionari hapo, hakuna Mkuu wa Wilaya, hakuna shule. Watu wa Umuofia wenyewe walikaa, wakaitazama mila yao, wakaona inakula mtoto wake, wakaiweka chini. Na katika mazungumzo hayohayo wanasema kuna vijiji ambako mtu akifa ndani ya wiki ile anatupwa msituni bila kuzikwa, nao wanaona hiyo ni mila mbaya ya watu wasioelewa.

Kwa hiyo walijua kwamba mila inaweza kuwa mbaya. Walijua kwamba inaweza kubadilika. Mapacha walikuwa wanasubiri tu mzee mmoja wa kukumbuka, na hakutokea kwa wakati.

Nikiwa hapo nikakumbuka jambo lililo karibu zaidi na kwetu. Watu wengi wanadhani mila ya urithi wa mjane imetushukia kutoka kwa babu wa kwanza. Ile inayotajwa mahakamani, kwa sehemu kubwa, iliandikwa na serikali: Tangazo namba 436 la mwaka 1963, lililokusanya desturi za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzifunga kwenye kanuni. Humo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ni maneno makali. Lakini hata maneno hayo makali yanawapa mabinti haki ya kuitumia ardhi ya ukoo, ingawa si kuiuza. Mabinti wawili wa Baba Mdogo hawakutajwa kabisa chini ya mwembe.

Na mlango mwingine ukafunguliwa baadaye. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, hapa hapa Mahakama Kuu Mwanza, aliamua kesi ya Holaria Pastory, bibi wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyoachiwa na baba yake kwa wosia, mpwa wake akadai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema katiba haiwezi kukaa pamoja na ubaguzi huo. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaweka wazi kwamba desturi inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Yote hayo nilikuwa nayajua siku ile. Nimesoma, nina simu mkononi, ningeweza kuyasema. Sikuyasema kwa sababu niliogopa kuwa Enoch.

## Sitaki kuwa Enoch

Enoch ni yule mwongofu mwenye pupa ambaye, karibu na mwisho wa riwaya, anamvua egwugwu kinyago hadharani. Kwa imani ya ukoo, ameua mzimu wa babu. Usiku ule Mama wa Mizimu anazunguka kijiji akimlilia mwanawe, na Achebe anaandika kilio kile kwa namna ambayo, hata wewe usiye wa dini ile, shingo inakusisimka. Kesho yake kanisa linachomwa. Baada ya kanisa wanakuja askari, pingu, na kamba juu ya mti.

Nilipokuwa kijana nilimwona Enoch shujaa. Sasa namwona mtu aliyevua kinyago bila kumpenda yeyote aliyekuwa nyuma yake.

Na kuna jambo lingine kuhusu vinyago vile. Kesi waliyokuwa wanaiamua siku ile ya mwendo wa Okonkwo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Mgbafo, mwanamke aliyepigwa na mumewe Uzowulu mpaka mimba ikatoka. Kaka zake walikuja kumchukua. Mume anadai mke wake au mahari yake. Mizimu ikamwamuru Uzowulu: chukua chungu cha pombe, nenda kwa wakwe zako, mwombe mke wako arudi, si ushujaa mwanaume kupigana na mwanamke. Baadaye mzee mmoja akashangaa kwa nini jambo dogo kama lile lilifikishwa kwa mizimu. Mwenzake akamjibu kwamba Uzowulu ni mtu wa namna ambayo asingesikia uamuzi wa mwingine yeyote.

Hebu soma tena hapo. Mwanaume aliyempiga Ojiugo ndani ya Wiki ya Amani alikuwa amekaa ndani ya kinyago, miongoni mwa waliomwamuru mwanaume mwingine akamwombe radhi mkewe. Na kinyago ndicho kilichomwokoa Mgbafo. Kama wanawake wangepaza sauti pale, huyu si babu, huyu ni Okonkwo tunamjua, Uzowulu angecheka na kumburuta mke wake nyumbani.

(Aliyesoma riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Wakerewe wa zamani atamkumbuka Myombekere, naye akitafuta pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe ili arudishiwe Bugonoka wake, aliyeondolewa kwa sababu ya maneno ya ndugu wa mume kuhusu kukosa mtoto. Umuofia na Ukerewe hazikuwahi kuonana, ila mume aliyeshindwa kumlinda mkewe alikuwa anapita njia ileile, na mtungi mkononi.)

Basi ukimya wa wanawake wale ulikuwa woga au ulikuwa hekima? Nimeligeuza swali hili kila upande. Siku moja nasema woga. Siku nyingine nasema walikuwa wanakitunza kinyago kwa ajili ya siku watakayokihitaji.

## Bibi na ungo

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona Bibi. Anakaa kwa Shangazi tangu mazishi, presha ilimpanda, daktari akakataa asirudi kijijini haraka. Ndiyo maana hakuwepo chini ya mwembe. Baba Mdogo alikuwa kitinda mimba wake.

Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo. Macho yake hayaoni vizuri, anachagua kwa ncha za vidole; punje zinapita, chuya inakamatwa, jiwe linakamatwa, linarushwa pembeni bila yeye kuangalia linakoangukia. Nilikaa kwenye mkeka, nikamweleza yaliyosemwa kikaoni. Sikumweleza kitabu. Nilimuuliza tu kama mila ile ndivyo ilivyo.

Hakujibu upesi.

"Babu yako alipokufa," akasema, "nilikuwa na ujauzito wa huyu tuliyemzika. Baba Mkubwa wako alikuwa hajatimiza miaka kumi. Wakakaa. Wakasema mila: mjane anarithiwa na shemeji, au anaacha watoto anarudi kwao. Nikasema siwezi yote mawili. Wakasema basi rudi kwenu. Nikafunga mzigo."

Akapepeta ungo mara mbili.

"Alikuwepo mzee mmoja, mdogo wa baba mkwe wangu. Mtu wa maneno machache. Akasimama akasema, mmesahau. Mila inasema mjane aliyezika akiwa na mimba haondoki, maana mimba ni ya marehemu na inalinda kaburi. Kimya. Hakuna aliyebisha, maana yeye ndiye alikuwa mkubwa. Nikafungua mzigo. Shamba ni hilohilo."

"Mila hiyo ulikuwa umeisikia kabla, Bibi?"

"Sijawahi."

"Na baada ya hapo?"

"Wala."

Nilihisi koo limekauka. Ekari tatu zile. Baba yangu alikulia hapo, ada yangu ya darasa la kwanza ilitoka kwenye mihogo ya hapo, na Baba Mkubwa mwenyewe alishikia jembe lake la kwanza hapo, kwa sababu mzee mmoja aliinuka na kukumbuka jambo ambalo halikuwahi kuwepo.

"Kwa hiyo ulijua ni yeye," nikasema. "Si mila."

"Nilijua. Na mama mkwe alijua. Wanawake wote waliokuwa jikoni tulijua." Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya mchele. "Tulimpikia kuku."

Tukakaa. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaendesha tairi, na Shangazi alikuwa anaongea na simu chumbani. Nilitaka kumuuliza mambo mengi, kama aliwahi kumwambia Baba Mkubwa habari hiyo, kama Baba Mkubwa, alipokuwa anasugua mshono wa kofia, alikuwa anaikumbuka. Alikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka mama yake akifunga mzigo.

Bibi akaanza tena kuchagua.

"Wanakaa tena lini?"

"Jumamosi. Kuandika muhtasari."

"Nikatie tiketi ya Ijumaa. Ya mbele, miguu isivimbe."

"Bibi, daktari alisema..."

"Nimemsikia."

"Utawaambia nini?"

Alipata jiwe, akalishika kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, akalirusha.

"Nitawaambia inavyosema mila."